Neno "Fidia" na Mfanyakazi wa Reli

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora. Tangu hapo wamekuwapo mjini humo watu ambao riziki yao hutokana na reli: waungao mabehewa stesheni, wabadilishao mataruma, na wayaingizao mabehewa melini katika bandari ya Mwanza Kusini. Mwaka 2021 ulianza pia ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341. Kazi hizi zote zaweza kumpotezea mtu kidole au mguu. Je, mtu huyo akisomewa neno "fidia", aelewe nini?

Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni malipo ya kukomboa. Katika sheria limebeba dhana mbili.

Dhana ya kwanza imo katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri ndio wachangiaji, na mfanyakazi aliyeumia kutokana na kazi, akiwa kazini, hatakiwi kuthibitisha kosa la mwajiri. Hugharimiwa matibabu, na hulipwa kwa ulemavu wa muda au wa kudumu; akifariki, wategemezi wake hulipwa.

Dhana ya pili ni malipo yaamriwayo na mahakama baada ya uzembe kuthibitishwa. Hiyo ndiyo njia ya wafanyakazi wa reli wa Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1908: kwa kawaida mdai asipoonyesha kwamba uzembe wa kampuni ulichangia, japo kidogo, hapati kitu.

Mfasiri akiziita zote mbili "fidia" bila kufafanua, msomaji wa Mwanza aweza kudhani kuwa hana budi kumshtaki mwajiri wake. Ataogopa, atanyamaza, na haki yake itapotea.

Kwa hiyo twapendekeza "fidia" ibaki kuwa malipo ya Mfuko, na yale ya mahakama yaitwe "fidia itokanayo na uzembe". Kadhalika, "ajali" isichukue nafasi ya "kuumia". Ajali ni tukio, kuumia ni matokeo. Na sheria yetu humlinda pia aliyepatwa na maradhi ya kazi pasipo ajali yoyote.