Shule Inapofungwa: Namna Ujira wa Mfanyakazi wa Shule Unavyokokotolewa

Kila mwaka, mwezi Juni na mwezi Desemba, shule hufungwa na wanafunzi hurejea makwao. Kodi ya nyumba haifungwi, wala deni la dukani, wala rejesho la mkopo. Kwa mpishi, matroni, mfanya usafi au dereva wa basi la shule, hiyo ndiyo miezi inayoonesha kama aliuelewa mkataba alioutia saini. Katika makala haya tunaeleza namna ujira huo unavyohesabiwa katika shule zisizo za serikali, ili mwananchi wa Isaka na maeneo jirani aweze kuupima mwenyewe.

Isaka ni mji wa reli na bandari kavu, na wengi hapa wamezoea malipo ya siku au ya kazi iliyokamilika: gari likishapakuliwa, mtu hulipwa. Kazi ya shule ni tofauti. Kiasi kinachotajwa kuwa cha "mwezi" hakitoshi kumwambia mtu atapata nini kwa mwaka, mpaka ajue ni miezi mingapi italipwa.

Mifumo mitatu ya malipo

Tuchukue mfano wa mpishi aliyepewa nafasi katika shule tatu. Viwango hivi ni vya mfano tu.

Shule ya kwanza inalipa shilingi 240,000 kwa mwezi, miezi yote 12. Jumla ya mwaka ni shilingi 2,880,000.

Shule ya pili inalipa shilingi 270,000 kwa mwezi, lakini kwa miezi 10 ya masomo tu. Jumla ni shilingi 2,700,000. Mshahara ulioonekana mkubwa umepungua kwa shilingi 180,000 kwa mwaka.

Shule ya tatu inachukua hizo shilingi 2,700,000 za miezi 10 na kuzigawa kwa 12, hivyo mpishi hupokea shilingi 225,000 kila mwezi, Juni na Desemba zikiwamo. Hapa fedha ya likizo si zawadi ya mwajiri. Ni ujira wa mfanyakazi mwenyewe uliowekwa akiba. Kwa hiyo, akiacha kazi mwishoni mwa Mei, atakuwa amefanya kazi ya shilingi 1,350,000 na kupokea 1,125,000. Anadai shilingi 225,000, na ni vyema mkataba utamke wazi kwamba salio hilo hulipwa kazi inapokoma.

Kuupata ujira wa saa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka kanuni ya kubadili mshahara wa mwezi kuwa wa wiki, siku au saa. Mwezi huhesabiwa kuwa wiki 4.333. Kwa mtu afanyaye saa 45 kwa wiki, ambacho ndicho kikomo cha saa za kawaida, zidisha 45 kwa 4.333 upate takribani saa 195. Shilingi 270,000 ukizigawa kwa 195 unapata kama shilingi 1,385 kwa saa.

Kiwango hicho kina kazi mbili. Kwanza, kilinganishe na kima cha chini cha sekta ya shule binafsi katika Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa. Amri huonesha viwango vya saa, siku, wiki na mwezi. Katika mfumo wa tatu, anza na shilingi 270,000 zilizopatikana kwa mwezi wa kazi, si 225,000 zilizopokelewa, la sivyo utapata jibu lisilo sahihi. Pili, hicho ndicho msingi wa nyongeza. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani takribani shilingi 2,077 katika mfano wetu. Kwa matroni anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kila saa ya usiku huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Likizo ya mwaka si likizo ya wanafunzi

Sheria inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa likizo. Mwajiri anaweza kupanga siku hizo ziangukie wakati shule imefungwa, lakini hawezi kusema kwamba kufungwa kwa shule bila malipo kumekwisha kuwa likizo yako. Malipo ya likizo hutolewa kabla ya likizo kuanza.

Wapo wanaoajiriwa upya kila muhula. Ambaye hajafikisha miezi 6 ya utumishi kwa kawaida hana likizo yenye malipo. Hata hivyo, aliyeajiriwa na mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka, na jumla ya vipindi vyake ikazidi miezi 6, anastahili. Stahili hiyo hukokotolewa kwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Aliyefanya siku 208 anadai siku 16. Kwa mpishi wa siku tano kwa wiki mwenye shilingi 270,000, siku moja ni takribani shilingi 12,460, hivyo anadai karibu shilingi 199,400.

Kabla ya kutia saini

Mwajiri anawajibika kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Tunashauri uulize: nitalipwa miezi mingapi? Juni na Desemba nitapokea nini? Saa zangu kwa wiki ni ngapi? Likizo yangu italipwa lini? Unapokopa, mweleze mkopeshaji miezi unayolipwa, na uombe marejesho yafuate miezi hiyo.

Kila malipo yaambatane na hati inayoonesha makato. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara isipokuwa kwa matakwa ya sheria, amri ya mahakama au ridhaa yako ya maandishi. Tunza hati hizo pamoja na mkataba.

Ukiona hesabu haikubaliani na mkataba, anza kwa kumwandikia mwajiri na ubaki na nakala. Usipopata jibu, mwone Afisa Kazi, au ufungue shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mjini Shinyanga. Mgogoro wa malipo hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa kazi, ndani ya siku 30. Likizo ya Desemba yaweza kumaliza siku hizo kabla shule haijafunguliwa, kwa hiyo usisubiri Januari.