Tembo la Mkoma na Milango ya Ubongo

Tembo linalogemwa kwenye mikoma ya bonde la Mto Tana huanza kuchacha likiwa bado mtini. Mgema hukata ncha ya mkoma, akatega kibuyu, na utomvu ukadondoka tone kwa tone usiku kucha. Hamira iliyobaki kibuyuni tangu jana haingoji: sukari huanza kugeuka kileo papo hapo. Likiteremshwa alfajiri ni tamu, jioni limekolea, kesho yake linaelekea kuwa siki. Kinacholewesha ndani yake ni kile kile kilichomo katika bia ya baa za Garsen na katika chang'aa: molekuli ndogo ya kaboni mbili, haidrojeni sita na oksijeni moja. Kwa udogo huo, na kwa kuwa huyeyuka majini na hata mafutani, hufika ubongoni kwa dakika chache.

Huko hukutana na vipokezi. Kipokezi ni protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli ya neva, mfano wa mlango wenye ufunguo wake maalumu. Viwili ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya ulevi. Cha kwanza hupokea gaba, kemikali ya kutuliza. Kikifunguka, kloridi huingia na seli hunyamaza. Cha pili, kiitwacho NMDA, hupokea glutameti, kemikali ya kuamsha, na bila hicho kumbukumbu mpya haishiki. Kileo huupanua mlango wa kwanza na kuubana wa pili.

Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba pombe hulegeza tu mafuta ya tando za seli. Mwaka 1989 David Lovinger na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kileo, kwa kiwango kile kile kinachomlewesha mtu, hupunguza umeme unaopita katika vipokezi vya NMDA vya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu. Hii husaidia kueleza kwa nini mlevi huamka asijue alifikaje nyumbani. Hakusahau, ubongo wake haukuandika kitu. Mwaka 1997 John Mihic, Adron Harris, Neil Harrison na wenzao walibadilisha asidi amino chache tu katika vipokezi vya gaba na vya glisini, kemikali nyingine ya kutuliza, na nguvu ya kileo juu yake ikatoweka. Kumbe pombe ina mahali pake hasa pa kushika.

Tabia hufuata vipokezi. Serebela, iliyoko kisogoni, ikinyamaza, miguu hukosa mizani, na anayevuka Tana kwa mtumbwi jioni amekunywa anauhatarisha uhai wake katika mto wenye mamba. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ikilegea, breki ya ulimi na ya mkono hulegea pia. Lakini si kila kitu ni kemia. Craig MacAndrew na Robert Edgerton, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walikusanya taarifa za jamii nyingi, wakaonyesha kwamba kupepesuka kunafanana kila mahali, ilhali ukorofi hufuata mazoea ya jamii husika. Kwa hiyo anayempiga mkewe kisha akasema ni pombe hana pa kujifichia.

Jambo linalostahili kujulikana zaidi vijijini ni yanayompata mnywaji wa kila siku. Ubongo uliotulizwa kwa nguvu miaka na miaka hujirekebisha: vipokezi vya gaba huwa vizito kuitika, vya glutameti huongezeka. Mtu huyo akiacha ghafla, breki imechakaa na kichocheo kimezidi. Baada ya saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, ndipo wengi husema wanakwenda "kutoa loki" kwa kikombe cha asubuhi. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu baadhi huona wadudu wakitambaa ukutani na kusikia sauti, na ni rahisi kwa jamaa kudhani ni majini. Hali hiyo huua. Kumfungia mlevi chumbani ili "imtoke" ni kumweka hatarini, hata kama ni kwa mapenzi. Anahitaji hospitali, na kutoka vijiji vya delta mpaka hospitali za Ngao au Hola si karibu, hasa mto ukifurika.

Hospitalini hupewa diazepamu, inayoshika kipokezi kile kile cha gaba, kisha dozi hupunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1 ili kuukinga ubongo. Kwa anayetaka kukaa mbali na kikombe ipo naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa tiba ya ulevi mwaka 1994. Hiyo huziba vipokezi vya opioidi, vinavyohusika na raha ya kinywaji, hivyo raha hiyo hupungua. Kwa aliyeacha pombe, mikono kwa kawaida huacha kutetemeka ndani ya wiki moja hivi. Usingizi unaweza kusumbua kwa miezi.