KUFUNDISHA KIINGEREZA KWA MIKONO, USO NA MACHO

Labda wewe ni mwalimu wa kujitolea, au unamfundisha jirani Kiingereza jioni. Maelezo haya ni yako.

Nilipoanza kazi hii nilimwuliza swali mama mmoja wa darasa la wanaoanza, huku nikimnyooshea kidole. Hakujibu. Kesho yake hakuja, wala wiki nzima. Nilipomfuata nyumbani aliniambia: "Mwanangu, kwetu anayenyooshewa kidole ni mwizi." Mdomo wangu haukumtukana, mkono ndio uliomtukana. Nilimwomba radhi, naye akarudi. Tangu siku hiyo ninamwita mwanafunzi kwa jina na kwa kiganja kilicho wazi.

Anayeanza lugha hana maneno, kwa hiyo anamtazama mwalimu kabla ya kumsikia. Tena katika darasa moja wamo Warundi, Wabembe na Wafuliru. Ukitafsiri kila neno kwa Kifaransa, ambao hawakusoma wanabaki nje. Ishara inawafikia wote.

Mambo ya kufanya:

1. Anza na amri. Sema "stand up" ukisimama, na "sit down" ukikaa. Wanafunzi wafuate bila kusema neno. Baadaye toa amri bila kutenda mwenyewe, ndipo utajua nani ameelewa. Njia hii ilienezwa na James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1960. Humpa mtu nafasi ya kusikia kwanza, kusema baadaye.

2. Tumia vidole kama maneno. "I am going home" ni vidole vinne. Mwanafunzi akisema "I going home", shika kidole cha pili na unyamaze. Atajisahihisha mwenyewe, bila kuaibika mbele ya wenzake.

3. Onyesha wakati. Gumba nyuma ya bega ni jana, mkono chini ni leo, mkono mbele ni kesho. Kwa saa, chora uso wa saa ubaoni na uguse namba ambayo mshale mfupi unaelekea. Kwa Kiswahili tunasema saa mbili asubuhi, lakini mshale uko kwenye 8, na Kiingereza husema "eight o'clock". Aliyeambiwa hivyo akaenda saa nane mchana amekwisha kukosa miadi yake ya zahanati.

4. Waonyeshe mdomo. Kwa neno "think", ncha ya ulimi ionekane kati ya meno. Wengi wetu tumezoea kusema "selasini", kwa hiyo sauti hii ni ngumu kwetu. Kwa "pen", shika kipande cha karatasi mbele ya midomo: kitatikisika. Kwa "Ben" kitatulia.

Mambo ya kuangalia:

Usiulize "Mmeelewa?" Watu wazima wataitikia kwa kichwa kwa sababu ya heshima tu. Wape jambo la kutenda, kama "give me the book", uone.

Mtoto akiinamisha macho, usidhani hajui. Kwetu hiyo ni adabu mbele ya mkubwa. Lakini Marekani anayekwepa macho ya msemaji huweza kuonekana hasikilizi, au anaficha jambo. Wafundishe hayo kama sehemu ya lugha ile, wala usiwaambie kwamba desturi yetu ni mbaya.

Ishara moja iwe na maana moja kila siku. Wakishazoea neno, ipunguze, kisha iache. Ishara ni fimbo ya kutembelea. Mguu ukipona, fimbo huwekwa kando.

Kabla ya somo la kesho, mwombe jirani asiyejua Kiingereza akutazame ukifundisha amri tano. Akizifuata zote, uko tayari. Akishindwa, badili ishara zako kwanza, usimlaumu yeye.