Wanafunzi wa Famasia, Vyama vya Kimataifa na Lugha ya Mgonjwa: Mtazamo kutoka Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Namanga hupita Kitengela, Isinya na Kajiado kabla ya kufika mpaka wa Tanzania. Kitengela ni mji uliokua haraka, wenye wakazi wa makabila mengi ambao baadhi yao huamkia kazini Nairobi na Athi River. Kajiado, mji uliopo kilomita hamsini hivi mbele yake, ndio makao makuu ya kaunti ambayo, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 1,117,840. Katika miji yote miwili mgonjwa hupokea dawa zake kwenye dirisha la hospitali au kaunta ya duka la dawa, na maneno anayoambiwa hapo ndiyo anayokwenda nayo nyumbani.

Mwanafunzi wa famasia anayefanya mafunzo ya nyanjani katika eneo kama hili huwa na ulimwengu wa pili pia. Ulimwengu huo ni wa vyama vya kimataifa vya wanafunzi wa taaluma yake, ambavyo huandaa makongamano, mashindano, ziara za mabadilishano na kampeni za afya. Makala haya yanaeleza vyama hivyo ni vya namna gani, hufanya kazi gani na mwanafunzi hujiunga navyo vipi. Aidha, yanajadili hoja ambayo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuizingatia: kwamba kazi ya vyama hivyo hukamilika pale tu inapomfikia mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

Shirikisho la kimataifa na shughuli zake

Chama kikubwa zaidi cha aina hii ni Shirikisho la Kimataifa la Wanafunzi wa Famasia, linalojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama IPSF. Lilianzishwa London mwaka 1949, wakati mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakijijenga upya baada ya Vita Vikuu vya Pili. Makao yake yapo The Hague, Uholanzi, mji ambao pia ni makao ya Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia, lililoasisiwa mwaka 1912. Kumbukumbu ya kuasisiwa kwa shirikisho hilo la wafamasia ndiyo huadhimishwa kila tarehe 25 Septemba kama Siku ya Wafamasia Duniani.

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha shahada ya famasia mwaka 1974, na baadaye vyuo vingine vikafuata. Kwa kawaida mwanafunzi haanzii The Hague. Huanzia katika chama cha chuo chake, ambacho huungana na vyama vya vyuo vingine kuunda chama cha kitaifa, nacho chama cha kitaifa ndicho huwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa. Kwa hiyo anayetaka kushiriki shughuli za nje sharti kwanza awe mtumishi mwaminifu wa chama cha nyumbani: ahudhurie mikutano, alipe ada na ajitolee katika kamati.

Shughuli za shirikisho zinaweza kugawanywa katika mafungu manne. La kwanza ni kongamano la dunia, ambalo kwa desturi hufanyika kila mwaka katika nchi tofauti. La pili ni mabadilishano ya wanafunzi, ambapo mwanafunzi hufanya kazi kwa majuma kadhaa katika duka la dawa, hospitali, kiwanda au maabara ya nchi nyingine. La tatu ni mashindano ya stadi za taaluma. La nne ni kampeni za afya ya umma, kama vile za kuhimiza utoaji wa damu, kupambana na dawa bandia na kuhamasisha matumizi sahihi ya dawa.

Wengi hudhani kwamba maana ya kimataifa ni kupanda ndege. Dhana hiyo ina sababu yake, kwani nauli, ada ya kongamano na viza vimewazuia wanafunzi wengi wa Afrika. Hata hivyo, hali si ile ile daima. Kongamano la dunia la mwaka 2016 lilifanyika Harare, Zimbabwe, na lile la mwaka 2019 likafanyika Kigali, Rwanda. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakiweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha kitaifa. Hivyo basi, mwanafunzi wa Kitengela aliyetaka kwenda Kigali angeweza kusafiri kwa basi kupitia Uganda bila viza wala pasipoti. Isitoshe, fungu la nne halihitaji safari yoyote, kwa kuwa kampeni hufanyika mahali mwanafunzi alipo.

Shindano la kumshauri mgonjwa

Miongoni mwa mashindano ya shirikisho hili, lililo karibu zaidi na taaluma ya lugha ni lile la kumshauri mgonjwa. Mshindani hukabidhiwa maelezo ya dawa, kisha hukutanishwa na mtu anayeigiza mgonjwa. Waamuzi humtazama: je, amemsalimu na kumtuliza? Je, ameuliza kuhusu dawa nyingine anazotumia? Je, amehakikisha kuwa mgonjwa ameelewa? Kujua kemia ya dawa hakutoshi. Maarifa hayo lazima yageuzwe maneno ya mtu wa kawaida.

Katika ngazi ya kimataifa shindano hilo huendeshwa kwa Kiingereza, jambo lisiloepukika kwa urahisi pale wanapokutana vijana wa nchi nyingi. Lakini mgonjwa halisi wa Kitengela hushauriwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaweza kupata alama za juu ughaibuni, kisha akakwama mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa, si kwa kukosa ujuzi wa dawa bali kwa kukosa sentensi sahihi.

Ugumu wa sentensi moja

Chukua mfano wa dawa ya kumezwa mara tatu katika saa ishirini na nne, kwa nafasi sawa. Mtoaji dawa huandika kwenye bahasha 1×3. Kwake yeye maana ni wazi, ila mgonjwa anaweza kudhani kwamba vidonge vitatu vimezwe kwa mpigo mmoja. Kauli iliyozoeleka ya Kiswahili, yaani kutwa mara tatu, ni bora zaidi. Hata hivyo, neno kutwa asili yake ni kutua kwa jua, na maana yake ni muda wa mchana kuanzia asubuhi hadi jioni; ndiyo sababu husemwa kutwa kucha panapokusudiwa mchana na usiku. Anayeifuata kauli hiyo neno kwa neno atameza dozi zote tatu mchana na kuuacha usiku mzima bila dawa.

Mtoaji dawa mwangalifu atasema basi: kila baada ya saa nane. Hapo huzuka tatizo jingine. Katika Kiswahili, saa nane ni kipimo cha muda na pia ni jina la wakati, yaani saa mbili baada ya adhuhuri. Mgonjwa anaweza kuelewa kwamba ameze dawa kila siku ikishapita saa nane mchana. Wazungumzaji wengi hulikwepa tatizo hili kwa kusema masaa manane, umbo ambalo walimu wa lugha wamelikosoa kwa miaka mingi. Mjadala unaochukuliwa darasani kuwa wa sarufi tupu una uzito wa afya mbele ya dirisha la dawa. Na endapo bahasha imeandikwa 8.00 kwa mtindo wa saa za Kiingereza, msomaji wa Kiswahili aliyekusudiwa kumeza saa mbili asubuhi anaweza kusubiri hadi saa nane mchana.

Njia iliyo salama ni kutaja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Sentensi hiyo ni ndefu, lakini haina utata.

Kampeni ya dunia na masikio ya nyumbani

Mfano wa pili unahusu kampeni. Tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani limekuwa likiadhimisha kila Novemba juma la kuhamasisha watu juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na wanafunzi wa famasia wa nchi nyingi hushiriki. Mwaka huo huo, shirika hilo lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 12. Asilimia 76 ya waliohojiwa waliamini kwamba usugu hutokea mwili unapoizoea dawa, na asilimia 64 waliamini kwamba viuavijasumu hutibu mafua. Imani zote mbili si sahihi. Kinachokuwa sugu ni bakteria, si mwili, na bakteria hao sugu wanaweza kumwambukiza hata mtu ambaye hajawahi kuimeza dawa hiyo. Nayo mafua husababishwa na virusi, ambavyo viuavijasumu haviviui.

Msamiati unaweza kulirekebisha kosa hili au kulizidisha. Anayetangaza usugu wa dawa humfanya msikilizaji afikiri kwamba dawa ndiyo iliyo sugu. Anayesema mwili umezoea dawa huithibitisha imani potofu. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni istilahi ndefu, ila inamtaja mwenye usugu. Kazi ya kuunda istilahi za sayansi haianzi leo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Pengo lililopo ni kati ya kamusi na kaunta.

Kajiado huongeza jambo jingine. Wafugaji wengi hununua dawa za mifugo, kama vile oksitetrasaiklini, na kuwadunga wanyama wao wenyewe. Kwa kuwa usugu unaweza kuhama kati ya wanyama na binadamu, kampeni inayomtaja mgonjwa peke yake haijamfikia mfugaji. Vilevile, wapo wazee ambao lugha yao ni Kimaasai, na ambao hutia magome ya olkiloriti katika supu kama dawa. Mwanafunzi anayeanza kwa kuuliza kwa heshima mzee anatumia nini atapata jibu la kweli. Anayeanza kwa kukemea atanyamaziwa. Hapo Kiswahili huwa daraja tu, na mkalimani wa Kimaasai huhitajika.

Mchango wa wanafunzi wa Kiswahili

Kutokana na hayo, ushirikiano baina ya wanafunzi wa famasia na wale wa Kiswahili ni wa lazima. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, pamoja na CHAWAKAMA kinachowaunganisha wanafunzi wa Afrika Mashariki, vina uzoefu wa makongamano na wa tafsiri. Hatua zenyewe si ngumu. Chama cha famasia kichague ujumbe mmoja wa kampeni ya kimataifa. Wanafunzi wa Kiswahili wautafsiri, kisha mtu mwingine aurudishe katika Kiingereza ili ionekane kama maana imepotea. Baadaye usomwe mbele ya watu wachache wa Kitengela, waulizwe wameelewa nini, na urekebishwe. Mwishowe utumwe kwa shirikisho la kimataifa ili uwafae pia wanafunzi wa Tanzania, Uganda na mashariki mwa Kongo.

Hatua hii ya mwisho ni muhimu. Bila hiyo, mwanafunzi wa Afrika Mashariki huwa mpokeaji wa ujumbe ulioandikwa kwingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Dawa ni bidhaa ambayo kutoeleweka kwake kunaweza kuua.

Hitimisho

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi arejeaye kutoka kongamanoni ni mgeni wa aina hiyo, na uponyaji anaotarajiwa kuuleta hautimizwi na cheti wala picha za safari. Ajiunge na vyama vya kimataifa, ashindane na afunge safari inapowezekana. Lakini mipaka ya Malaba na Gatuna huvukwa kwa kitambulisho. Mpaka ulio kati ya mtoaji dawa na mgonjwa wa Kitengela huvukwa kwa sentensi iliyoandaliwa vyema. Sentensi hiyo ni kazi ya wanafunzi wa taaluma zote mbili.