Vikolezo vya mchuzi: Chumvi iliyofichika ndiyo hatari kuu

KATIKA vibanda na masoko ya Meru na Embu, vipande vidogo vya kukoleza mchuzi huuzwa kimoja kimoja kando ya nyanya na vitunguu. Chungu cha githeri kisicho na nyama hupata harufu na ladha ya nyama kwa shilingi chache tu. Hata hivyo, vikolezo hivi vimeandamwa na tuhuma kwamba huleta maumivu ya kichwa na hata maradhi ya kudumu. Je, tuhuma hizo zina msingi?

Kinacholaumiwa aghalabu ni monosodiamu glutamati, ambayo kwenye pakiti huweza kuandikwa E621. Mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliitambua mwaka wa 1908 alipochunguza chanzo cha ladha ya mchuzi wa mwani. Mwaka uliofuata ilianza kuuzwa kwa jina Ajinomoto. Glutamati yenyewe si kitu kigeni mwilini: imo katika nyanya mbivu, jibini na hata maziwa ya mama.

Hofu ilianza mwaka wa 1968 nchini Marekani. Daktari Robert Ho Man Kwok aliliandikia jarida la The New England Journal of Medicine kuhusu ganzi, unyonge na mapigo ya moyo ya kasi aliyoyapata baada ya kula katika mikahawa ya Kichina. Alitaja vyanzo kadhaa vinavyowezekana, wingi wa sodiamu ukiwamo. Lakini lawama ziliangukia glutamati.

Ripoti iliyotayarishiwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka wa 1995 ilieleza kwamba baadhi ya watu huweza kupata dalili za muda mfupi, kama vile kuumwa na kichwa, wakimeza gramu 3 au zaidi bila chakula. Mnamo 2017, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kiwango cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni gramu 1.8. Anayeona kwamba kikolezo humdhuru ana sababu ya kukiepuka, lakini kwa walio wengi glutamati kidogo si sumu.

Tatizo kubwa zaidi ni chumvi. Kanuni za vibandiko vya vyakula hutaka viambato viorodheshwe kuanzia chenye uzani mkubwa zaidi, na katika vikolezo vingi chumvi ndiyo hutangulia. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Kipande cha gramu 4 ambacho nusu yake ni chumvi huingiza gramu 2 chunguni kabla mpishi hajashika kopo lake la chumvi.

Glutamati yenyewe ina sodiamu ya asilimia 12, ilhali chumvi ya mezani ina takriban asilimia 39. Kwa hivyo, ikitumiwa badala ya sehemu ya chumvi, huweza kupunguza sodiamu. Madhara huja vyote viwili vinapotiwa pamoja bila kipimo. Kwa wapishi wa githeri kuna chanzo cha tatu: magadi yanayotiwa ili maharagwe na mahindi yaive upesi. Nayo pia yana sodiamu.

Sodiamu nyingi hupandisha shinikizo la damu, ugonjwa ambao huweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili, kisha ukaleta kiharusi au kuharibu moyo na figo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu.

Kinga si ghali. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva bila magadi. Kitunguu saumu, tangawizi, dania na ndimu hukoleza chakula bila kuongeza chumvi. Anayetumia kipande cha mchuzi akionje chakula kwanza; mara nyingi hatahitaji chumvi nyingine. Na kwa kuwa ulimi hauwezi kumwambia mtu hali ya mishipa yake, ni busara kupimwa shinikizo katika kituo cha afya kilicho karibu.