Jedwali Linalojirejea

Miongoni mwa dhana potofu zinazowatatiza watu waliokwisha kujua kuandika maswali ya kanzidata, hakuna iliyokita mizizi kama ile isemayo kwamba jedwali haliwezi kuunganishwa na nafsi yake pasipo kwanza kunakiliwa, na kwamba atakayethubutu ataiingiza kompyuta katika mzunguko usio na ukomo. Hata watu hodari huunda jedwali la pili la wakubwa wa kazi, lenye taarifa zile zile, kisha wakataabika kila siku kuyalinganisha mawili hayo yasihitilafiane. Khofu hiyo haina asili katika elimu: nadharia aliyoitangaza Edgar Codd mwaka 1970 haidai nakala, na lugha ya SQL yataka lakabu mbili tu.

Natwaa jedwali mashuhuri la EMP, ambalo Oracle imelitumia kufundishia tangu zamani. Lina wafanyakazi 14, kila mmoja na namba yake katika safu ya EMPNO, na namba ya mkubwa wake katika safu ya MGR. Smith, namba 7369, ameandikiwa mkubwa namba 7902, ndiye Ford. Ford yu chini ya Jones, na Jones chini ya King, ambaye kwa kuwa ni rais wa kampuni hana mkubwa, na MGR yake ni NULL. Lipe jedwali lakabu w kwa wafanyakazi na m kwa wakubwa, useme w.mgr = m.empno, na kazi imekwisha. Ukiongeza sharti w.sal > m.sal, watatokea Scott na Ford, wenye mshahara wa 3000 kila mmoja, ilhali mkubwa wao Jones ana 2975. Bila sharti hilo utapata mistari 13, maana King hana wa kuoanishwa naye. LEFT JOIN humrejesha.

Nilikusudia kuingia sasa katika silsila ndefu za vyeo, lakini kuna swali ambalo siwezi kulipita: ni nani asiye na mtu chini yake? Aghalabu huandikwa hivi:

SELECT ename FROM emp WHERE empno NOT IN (SELECT mgr FROM emp)

Jibu halina hata mstari mmoja, na watu hao ni 8! Hapo ndipo ushirikina uanzapo: huyu huizima mashine na kuiwasha, yule huongeza DISTINCT asijue inaondoa nini. Sababu i wazi. NULL si sifuri wala si neno tupu, bali ni thamani isiyojulikana. Na NOT IN ni mfululizo wa madai, kwamba 7369 si 7902, tena si 7698, tena si NULL. Dai hili la mwisho haliwi kweli wala uongo, basi mfululizo mzima hauwezi kuwa kweli, na WHERE haipokei ila kilicho kweli. Andika hivi, na wote 8 watatokea:

SELECT m.ename FROM emp m WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM emp w WHERE w.mgr = m.empno)

Ama silsila, dawa yake ni WITH RECURSIVE, iliyoingia katika kanuni rasmi za SQL mwaka 1999: huanza na King, hutafuta walio chini yake, kisha walio chini ya hao, hata duru moja isilete mtu mpya. Ni hapa tu khofu ya mzunguko ina haki, iwapo mtu amekosea akamwandika Smith kuwa mkubwa wa King. UNION, ambayo hutupa mistari iliyokwisha kupatikana, itausimamisha mzunguko huo. Lakini ukiongeza safu ya kuhesabu daraja, kila mstari huwa mpya, na ulinzi huo hubatilika.