Kabla Mabati Hayajazungushwa: Kweli na Uongo Kuhusu Vibali vya Ujenzi

Mtaani habari huanza na mabati. Asubuhi moja ploti iliyokuwa na miembe imezungushiwa uzio, lori la mawe limeegeshwa langoni, na majirani wanaulizana: ni fleti au ni klabu? Kufikia jioni kila mtu ana jibu lake, na mengi ya majibu hayo hayana msingi. Nchini Kenya kupanga matumizi ya ardhi mashinani ni kazi ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inaeleza nani anaamua, kwa muda gani, na ni lazima amsikilize nani. Nimeyapima kwa sheria hiyo madai ninayoyasikia mara kwa mara.

"Ardhi ni yangu, hati ninayo, nitajenga nipendavyo."

Si kweli. Kifungu cha 66 cha Katiba kinaipa serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, hata ya mtu binafsi, kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango. Hati inathibitisha mwenye ardhi ni nani. Haisemi kwamba kiwanja cha nyumba moja kinaweza kubeba familia arobaini kwa bomba lile lile la maji taka. Anayeanza kujenga bila kibali cha kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Adhabu hiyo naiona ndogo mno ukikumbuka Huruma, Nairobi. Mwezi Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lililosimama kando ya mto liliporomoka na kuua watu zaidi ya 40. Lilikuwa tayari limetajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa.

"Anayeamua ni mwakilishi wadi."

Uongo. Mwakilishi wadi anaweza kuwasemea wakazi, lakini kibali hutolewa na waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya ardhi, baada ya ombi kupelekwa kwa idara kama za barabara, afya, mazingira na huduma za umma ili zitoe maoni. Anaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa na kueleza sababu kwa maandishi.

"Kaunti ikinyamaza, ujue mradi umekataliwa."

Hili ndilo kosa linalowaponza wakazi kuliko yote, kwa sababu ukweli ni kinyume kabisa. Kwa mujibu wa kifungu cha 58 cha sheria hiyo, mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Ninaelewa nia ya waliotunga sheria: mwekezaji asiteswe na faili iliyolala kwenye meza ya mtu. Nyumba zinahitajika, na kuchelewa kunagharimu. Lakini anayeishi ukutani mwa mradi anapaswa kujua kwamba kila siku ya kimya inampa mjenzi nguvu. Akingoja aone msingi ukichimbwa ndipo aulize, huenda siku hizo 60 zimekwisha.

Ataanzaje kuhesabu? Kwa bango. Sheria inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na kwa mabadiliko ya matumizi ya ardhi tangazo hilo kwa kawaida huwekwa kwenye kiwanja na gazetini, likiwapa watu siku 14 kuandika pingamizi. Matangazo hayo nimeyasoma mengi, na karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, herufi ndogo, yamefungwa kwa waya mahali ambapo mpita njia hasimami. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba. Tangazo ambalo mama muuza mboga wa ng'ambo ya barabara hawezi kulisoma halijamfikia, na kaunti zinaweza kulirekebisha hili kwa ukurasa mmoja tu wa Kiswahili.

"Klabu ikishapata leseni ya pombe, imemaliza."

Si kweli. Leseni ya pombe ni jambo moja, ruhusa ya kutumia kiwanja hicho kwa burudani ni jingine, na kelele ni la tatu. Sheria ya vileo ya 2010 inazuia baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Kanuni za kelele za 2009 nazo zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, na usiku unaozungumziwa huanza saa mbili jioni. Hiyo ni sauti ya watu wanaonong'ona, si ya spika iliyoelekezwa barabarani.

"Maoni ya wakazi ni ya kupamba tu."

Uliza Lamu. Mnamo Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa huko, sababu moja kuu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi huo ulikuwa mkubwa kuliko fleti yoyote. Kwa kibali cha kaunti, asiyeridhika ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

"Wanaopinga wanachukia maendeleo."

Wachache, ndiyo: wapo wanaopinga fleti kwa kuwa hawataki wapangaji karibu yao, na hiyo si hoja ya mipango. Hoja ni maji yatatoka wapi, taka zitaenda wapi, gari la zimamoto litapita wapi. Barua nzuri hutaja namba ya ploti na namba ya ombi, hueleza athari moja moja, na huwa na sahihi za watu wanaoishi hapo. Ipeleke mwenyewe pamoja na nakala, na usiondoke kwenye dirisha la mapokezi kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.